SHA (bima ya afya ya serikali) wanataka 11,400 na mimi ni fundi cherehani tu, nifanyeje?

Cherehani_Kayole:
Wadau, naombeni ushauri wa haraka. Nashona nguo, nimejiajiri, sina hati ya mshahara. Januari ni sare za shule hadi usiku wa manane, mwezi mwingine ni kutia zipu na kukunja suruali. Mke anajifungua mwezi ujao na nimeambiwa SHA ni 11,400, mwaka mzima kwa mpigo. Nimekusanya 4,000. Kuna njia ya kupunguziwa?

Karani_Mstaafu:
Ipo, ila elewa kwanza hiyo pesa inatoka wapi. Aliyejiajiri analipa 2.75% ya mapato ya kaya, isipungue 300 kwa mwezi, na analipa mwaka mzima mbele. Kwa kuwa huna hati ya mshahara, mfumo unakukadiria kwa unavyoishi: ukuta wa nini, paa, sakafu, choo chako au cha kushiriki, makaa au gesi, maji ya wapi, mko wangapi. Hapo kwa "mko wangapi" ndipo mafundi wengi huumia. Mtu anajisajili peke yake, anajibu maswali, halafu ndipo anakumbuka kuongeza mke na watoto. Mfumo umeshamhesabu kama kapera. Anza na wategemezi, tathmini baadaye. Piga *147# au ingia tovuti ya Afya Yangu.

Mama_Kibanda:
Enzi za NHIF, bima ile ya zamani kabla ya SHA, mtu wa jua kali alikuwa analipa 500 kwa mwezi, kwisha maneno. Hakuna wa kukuuliza choo.  

Ushuru_Kwanza:
Na ushuru wa KRA, wale wakusanya kodi, unawasilisha? Mauzo yakiwa kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka unalipa 3% ya mauzo, kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Watu wa biashara ndogo mnasahau kwamba ni mauzo wala si faida.

Cherehani_Kayole:
Milioni niitoe kwa zipu ya 150? Tuachane na KRA. Nimeangalia ujumbe tena, wameandika 825 kwa mwezi. Hiyo ndiyo nataka ishuke.

Hesabu_Kali:
825 mara 12 ni 9,900. Wewe umesema 11,400. Hizo 1,500 ni za nani? Mimi naona uzi wa kutunga. Ngojeni, kesho atarudi aseme "kuna ndugu alinisaidia, nambari yake hii hapa".

Fitina_Buruburu:
Nami nilinusa. Fundi gani hajui kupima? 😂

Cherehani_Kayole:
Sijatunga kitu. Haya, 1,500 ni ya kijana wa saiba, duka la kompyuta na intaneti. Alisema atarudia tathmini aandike nyumba ya mabati, choo cha shimo, tunapikia kuni, itoke 300. Nimeshampa 700. Ukweli ni chumba kimoja kwa ghorofa ya mawe, choo tunashiriki vyumba vinane. 300 mara 12 ni 3,600, naokoa 6,300 nzima. Na wote mtaani wanafanya hivyo, mtoto hangoji.

Nuru_ya_Jogoo_Road:
Kwa hivyo mtoto azaliwe kwa uongo? Mungu anaona mabati na anaona mawe.

Karani_Mstaafu:
Mwacheni kidogo. Fundi, swali moja: usajili uliwekwa nambari ya simu ya nani?

Cherehani_Kayole:
Yake. Alisema ni ndiyo usajili usisumbue.

Karani_Mstaafu:
Basi hilo ndilo tatizo, 825 ni dogo. Kila nambari ya siri inaingia kwa simu yake. Anaweza kubadilisha majibu yako na wewe huwezi hata kuingia. Usimwongezee shilingi.

Nenda Huduma Centre, ya Makadara au ya GPO, na kitambulisho chenyewe, picha hawataki. Sema unataka kubadilisha nambari ya simu. Ikishaingia laini yako, ongeza mke, kisha omba tathmini irudiwe na ujibu ulivyo. Choo cha kushiriki ni kweli, andika. Chumba kimoja, andika. Ghorofa ya mawe nayo uandike, kwa sababu kutoa habari za uongo ni kosa chini ya sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023, na kitambulisho kilichoko pale ni chako, si cha saiba.

Malipo ni Peibili ya M-Pesa 200222, akaunti ni nambari ya kitambulisho chako. Usiitume hiyo 4,000 peke yake ukadhani umepata nusu ya bima, kadi haiamki mpaka pesa ya mwaka mzima itimie. Ukipungukiwa kuna Lipa SHA Pole Pole kwa *147#: ni mkopo unaolipia mwaka, wewe unarudisha kidogokidogo. Soma gharama yake kabla ya kubonyeza kukubali.

Kujifungua kawaida SHA inalipa hospitali 10,000, upasuaji 30,000. Uliza mapema kama hospitali ina mkataba na SHA, na watakutoza nini juu ya hapo. Kliniki kwa zahanati na vituo vya ngazi ya 2 na 3 ni bure ukishasajiliwa tu, hata kabla hujalipa. Mke asikose.

Cherehani_Kayole:
Na 700 yangu?

Fitina_Buruburu:
Akileta suruali ikunjwe, mkunjie mguu mmoja.

Cherehani_Kayole:
Makadara wanafungua saa ngapi?

Karani_Mstaafu:
Saa mbili asubuhi. Enda na mke, naye abebe kitambulisho chake. Na simu iwe na chaji, ule ujumbe unaingia ukiwa pale pale dirishani.

Hesabu_Kali:
Mimi bado nangoja nambari ya huyo ndugu.