Kuhama Gmail: Proton, Tuta au domeni yako mwenyewe?

Ngamiani: Wakuu, salaam. GB 15 za bure za Google zimejaa, na humo barua, Drive na picha vinabanana pamoja. Nimechoka kufuta picha za harusi ya mdogo wangu ili barua za kazi ziingie. Nihamie Proton au Tuta, hizi huduma nyingine za barua pepe? WhatsApp siigusi, ukoo mzima uko huko.

Mama_Yusra: Nimetumia zote mbili. Proton, ya Uswisi, inakuvutia barua za zamani kutoka Gmail. Mimi niliiachia usiku, asubuhi nikazikuta. Tuta ya Wajerumani inafumba, yaani inasimba ili wengine wasisome, hadi mstari wa mada ya barua, Proton haifiki huko. Ila Tuta haikubali Thunderbird, ile programu ya kusomea barua kwenye kompyuta, kabisa, na Proton inakubali ukilipia tu. Kwa mwenye mzigo wa miaka mingi kama wewe, Proton.

Kisauni_1: Dada, hapo tunatofautiana. La kuuliza kwanza ni anwani ni ya nani. Yangu ilifungwa asubuhi moja, kampuni siitaji. Benki, chuo, kodi, kote nilikuwa nimeandika anwani ileile. Nilikata rufaa, nikajibiwa mistari miwili isiyo na jina la mtu. Nunua domeni, yaani jina lako mwenyewe la mtandaoni linaloishia .co.tz au .co.ke, kisha uielekeze Proton au Tuta. Kote, kuunganisha domeni ni kwa kulipia. Wakikuudhi unahama nayo, na watu wanaendelea kukuandikia palepale.

fundi_Mwenge: Naunga mkono domeni. Picha je? Zitoe zote kwa Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako, uziweke kwenye diski mbili, moja ikae kwa ndugu. Za kila siku tumia Syncthing: simu inazimwaga kwenye laptop kwa Wi-Fi ya nyumbani, bando haliguswi. Kwa Android chukua Syncthing-Fork, maana programu rasmi iliachwa 2024. Immich, albamu ya picha unayoiendesha mwenyewe, ni nzuri zaidi kwa kutazama, lakini inataka kompyuta inayowaka muda wote.

Na ramani usizisahau. Organic Maps, programu ya ramani ya simu, inatumia OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea, na Dar imechorwa humo mpaka vichochoro kwa kazi ya mradi wa Ramani Huria: wanafunzi na wakazi walipita mitaa kama Tandale wakichora njia na mifereji kwa ajili ya mafuriko. Juzi imenitoa Manzese bila bando.

Ngamiani: Kisauni, umenigusa. Naanza na domeni, Proton baadaye.

Mama_Yusra: Sawa, nakubali. Ila andika tarehe ya kuilipia domeni ukutani. Ikipita, mwingine anaweza kuichukua, na barua zako zitamwendea yeye.