Jaa la taka mita 400 kutoka shuleni: tupinge vipi kabla leseni haijatoka?

jirani_wa_mtoni
Hamjambo wadau. Kuna mpango wa kuweka jaa la kisasa kwenye ekari 20 viungani mwa mji wetu, huku magharibi mwa Kenya. Shule ya msingi iko kama mita 400 kutoka kiwanja hicho, nyumba za karibu mita 150, na karibu kila boma lina kisima cha kuchimbwa kwa mkono. Udongo ni ule mweusi unaopasuka kiangazi. Tangazo la NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) la kuomba maoni lilitoka gazetini siku tisa zilizopita. Kikao kimoja kimefanyika na watu wakatia sahihi karatasi ya mahudhurio. Wazee wanataka maandamano, mwalimu mkuu anataka barua. Tuanzie wapi, na hoja zipi zina uzito?

karani_wa_baraza
Anzeni na kalenda. Tangazo la NEMA kwa kawaida hutoa siku 30 za maoni, kwa hivyo tayari mmekula karibu theluthi. Someni tarehe yenyewe kwenye tangazo, msiambiwe na mtu. Maandamano fanyeni mkitaka, lakini hayaingii kwenye faili. Kinachoingia ni barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Pelekeni nakala mbili kwa ofisi ya NEMA ya kaunti, moja ibaki na nyingine irudi na muhuri na tarehe, halafu tumeni hiyohiyo kwa barua pepe kwa Mkurugenzi Mkuu. Kiswahili ni lugha rasmi, andikeni kwa Kiswahili bila kuomba radhi.

Msipige fotokopi barua moja na kuijaza majina 300. Msomaji ataihesabu kama hoja moja. Afadhali barua 40 fupi, kila moja na mambo yake: namba ya kipande cha ardhi, umbali wa kisima hadi mpakani, watoto wangapi wanapita njia ile.

Sasa hiyo karatasi ya mahudhurio ndiyo inayonitia wasiwasi. Mara nyingi hubandikwa nyuma ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira kama kiambatisho, chini ya kichwa "ushirikishwaji wa umma", na mtu aliyekuja kusikiliza tu anageuka kuwa aliyekubali. Ombeni nakala ya ripoti na viambatisho vyote, muangalie kichwa cha ukurasa kimeandikwa nini. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, lakini ripoti iliyotangazwa inapaswa kuwa wazi kusomwa mahali palipotajwa kwenye tangazo, kwa hivyo nendeni leo. Kikao kijacho, kila mtu aandike NAPINGA kando ya jina lake kabla ya kutia sahihi, na mmoja apige picha kila ukurasa.

Pia hesabuni vikao. Kanuni za tathmini za 2003 zinataka angalau vikao vitatu na walioathirika, mabango mahali pa wazi, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo na matangazo ya redio kwa lugha rasmi na ya wenyeji. Ninyi mna kikao kimoja. Hiyo ni hoja ya kwanza kwenye barua.

fundi_udongo
Naongeza upande wa ardhi. Fungueni ripoti kwenye kurasa za uhai wa jaa, yaani miaka litakayodumu kabla ya kujaa, mkapige hesabu wenyewe. Tuseme mji unatoa tani 150 kwa siku: ni tani 54,750 kwa mwaka. Taka zikishindiliwa vizuri hadi tani 0.8 kwa mita moja ya ujazo, ni kama mita za ujazo 68,400 kila mwaka. Ekari 20 hazijai taka zote. Toa barabara, bwawa la maji machafu, mizani na ukanda wa miti mpakani, utabaki na ekari 12 hivi, yaani mita za mraba 48,600. Kwa kimo cha wastani cha mita 10 ni mita za ujazo 486,000, na udongo wa kufunikia kila jioni (sentimita 15) unakula sehemu yake. Hapo mna miaka sita hivi. Ripoti ikisema ishirini, ulizeni taka za mwaka wa saba zitaenda wapi. Mara nyingi jibu ni kupanua, na upande wa kupanulia ni wenu. Malori nayo: tani 150 kwa lori la tani 7 ni safari 22, kwenda na kurudi mara 44 mbele ya lango la shule.

Udongo mweusi msiutetee wala kuulaumu haraka. Ukiwa na unyevu, unazuia maji vizuri sana, na maabara itaupa alama nzuri. Shida ni kiangazi: ukiachwa wazi wiki chache unapasuka, na maji machafu ya taka hufuata ufa. Kiwango kinachotumika sana ni tabaka la mfinyanzi sentimita 60, lishindiliwe kwa awamu za sentimita 15, juu yake plastiki nzito ya milimita 1.5, kisha kokoto na mabomba ya kukusanyia maji machafu. Ulizeni mfinyanzi utakaa wazi siku ngapi kabla ya plastiki kutandazwa, na nani atakagua viungio vya plastiki. Mashimo mengi huingia siku ya kutandaza, kokoto zinapomwagwa.

Angalieni pia mwezi ambao kina cha maji kilipimwa. Januari maji ya kisima yako chini, Mei yako juu. Ripoti yenye kipimo cha Januari peke yake haijaona mvua. Nakuru hali ni kinyume: udongo wa volkano unapitisha maji, kuna nyufa za ardhini, na jaa la Gioto liko mteremkoni juu ya mji. Kwa hivyo msinakili hoja za watu wa Nakuru.

jirani_wa_mtoni
Asante sana wakuu. Je, visima tunaweza kupima wenyewe?

fundi_udongo
Kina, ndiyo. Funga nati nzito kwenye futi ya utepe, ishushe hadi iguse maji, andika kipimo kutoka usawa wa ardhi. Visima vilevile, kila Jumamosi, asubuhi kabla watu hawajachota. Ubora wa maji upeleke maabara iliyoidhinishwa: kloridi, amonia, nitrati, uwezo wa maji kupitisha umeme, madini ya risasi na bakteria wa kinyesi. Chupa ya bakteria iwe imetakaswa na maabara yenyewe, iwekwe kwenye barafu, ifike siku hiyohiyo. Andika nani alichota, saa ngapi, kisima kipi. Fanyeni kabla tingatinga halijaingia, kwa sababu baadaye mtaambiwa amonia ilikuwepo tangu zamani, na vyoo vya shimo mnavyo. Wenye visima karibu na vyoo wapime pia, wasifiche.

wakili_kijiweni
Leseni ikitoka licha ya barua, mna siku 60 kukata rufaa kwa Mahakama Maalum ya Mazingira (NET), kifungu cha 129 cha sheria ya mazingira ya 1999. Msitegemee rufaa pekee isimamishe kazi. Ombeni amri ya kusimamisha siku hiyohiyo mnayowasilisha. Kibali cha ujenzi kina mlango wake, na ndio unaosahaulika: chini ya sheria ya mipango ya 2019 ni siku 14 tu kufika kwa kamati ya usuluhishi ya kaunti. Nendeni ofisi ya mipango kila wiki kuuliza kama ombi limeletwa, na mfanye serchi ya ardhi mjue imetengewa matumizi gani. Kama hoja ni haki yenu ya mazingira safi, kifungu cha 42 na cha 70 cha Katiba vinawafikisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na cha 70 hakiwalazimishi kuonyesha kuwa mtu ameshaumia.

mama_mboji
Mimi naona kuna kitu kimeachwa. "Hatutaki taka" pekee inajibiwa kwa "taka ziende kwa nani?", na kikao kinaishia hapo. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni maganda na mabaki ya chakula, na sheria ya taka ya 2022 inataka zitenganishwe nyumbani na kaunti ziwe na vituo vya kuchambua taka. Ulizeni kwenye barua hiyohiyo: kituo cha kuchambua kiko wapi, na tani ngapi zitabaki za kufukiwa baada yake? Zikipungua kutoka 150 hadi 60, kiwanja chenyewe hakihitaji kuwa hicho. Na kama mji wenu uko karibu na uwanja wa ndege, pimeni umbali. Mwongozo wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni kwamba jaa lisiwe ndani ya kilomita 13 kutoka uwanjani, kwa sababu ya ndege wanaofuata taka, na makorongo hawahitaji kualikwa.

karani_wa_baraza
Hiyo ya kilomita 13, kama uwanja wa ndege uko karibu, iwekeni hoja ya pili, chini ya vikao. Na nakala moja kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga.