Kupandikiza miche ya drosera: piti, makumbi ya nazi au mosi wa sfagnamu?

Roshani_Umoja
Ndugu zangu, salamu. Nina miche ipatayo 40 ya Drosera capensis, ule mmea wa Afrika Kusini unaonasa wadudu kwa utomvu wa majani yake. Niliiotesha kwa mbegu ndani ya kikombe kimoja cha mtindi, na sasa mikubwa imefikia upana wa sarafu ya shilingi moja na inasongana. Hapa mjini nimepata vitu vitatu vya kuipandia: piti ya kutoka nje (mabaki ya mimea yaliyooza nusu kwenye vinamasi), tofali la unga wa makumbi ya nazi, na mosi wa sfagnamu uliokaushwa (mmea mdogo laini wa vinamasini), ambao ni ghali kuliko vyote. Nichukue kipi?

BiMaua_Langata
Nimetumia vyote vitatu, ndugu yangu, na nitaanza na piti kwa sababu ndiyo iliyoniulia miche mingi zaidi. Mfuko wangu wa kwanza ulikuwa wa kuoteshea nyanya na sukuma wiki, yaani piti iliyokwisha kutiwa chokaa na mbolea, na baada ya wiki tatu ncha za majani zilikuwa nyeusi na udongo umefunikwa na mwani. Mizizi ya mimea hii imezoea udongo usio na rutuba, na lishe huipata kwa wadudu, hivyo mbolea inayoistawisha sukuma huiunguza drosera. Soma maandishi ya mfuko: piti halisi huwa na pH (kipimo cha uchachu) ya takriban 3.5 hadi 4.5, na ukiona 5.5 au 6, chokaa imeongezwa. Ukiipata iliyo halisi, changanya sehemu mbili za piti na moja ya perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkeno. Mosi nao ni mzuri, ila kwa miche 40 ni gharama isiyo na sababu.

Mpandaji_SouthB
Mimi nautetea mnazi. Makumbi yana chumvi, lakini chumvi hiyo hutoka. Huliloweka tofali katika karai usiku kucha, nikakamua kwa kitambaa kama anayechuja tui, kisha nikarudia kwa maji ya mvua mara tano au sita. Maji ya kwanza hutoka na rangi ya strungi, na ya mwisho hukaribia kuwa maangavu. Epuka yale yaliyoandaliwa kwa mashamba ya maua, kwani mara nyingi huwa yametibiwa kwa kalsiamu naitreti, ambayo ni mbolea.

Mzee_KahawaWest
Wanangu, mnajadili udongo na hakuna aliyeuliza maji. Drosera husimama katika sahani yenye maji wakati wote, na kila maji yanapokauka huacha madini yake chunguni, kwa hiyo hata piti bora itaharibika ukiinywesha maji ya kisima kirefu, ambayo katika sehemu nyingi za Nairobi yana floridi na chumvi. Tafuta maji yasiyozidi miligramu 50 za madini kwa lita. Kinga mvua hizi za masika sasa, lakini iache mvua ya kwanza ioshe vumbi la mabati. Ukiishiwa, vituo vya mafuta huuza maji ya betri. Hakikisha ni maji yaliyokenekwa, wala si asidi.

Roshani_Umoja
Shikamoo mzee. Maji ya ploti yetu ni ya kisima, na nimetazama sahani yangu sasa hivi: ina ukingo mweupe pembeni.

Mzee_KahawaWest
Marahaba, mwanangu. Huo mweupe ndio madini yenyewe. Usitumie chungu cha udongo pia. Cha plastiki chenye matundu kinatosha.

BiMaua_Langata
Siku ya kuhamisha, usiung'oe mche kwa kushika jani. Ingiza kijiti cha meno pembeni, uuinue pamoja na donge lake la udongo, kwa kuwa mzizi wake ni mweusi, mwembamba kama uzi, na mara nyingi mrefu kuliko mche wenyewe. Funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, mahali penye mwanga usio mkali, na uifungue kidogo kidogo. Matone ya utomvu yatapotea. Usishtuke, angalia majani mapya.

Roshani_Umoja
Nimeamua: miche 30 kwenye piti na perlaiti, 10 kwenye makumbi yaliyooshwa, yote kwa maji ya mvua. Mtungi wa lita 20 umejaa tangu jana usiku, na Jumamosi naanza.