Kipoozi cha mafuta ya haidroliki: maji yameongezwa lakini joto halishuki, kikwazo kiko wapi?

Bar_Sifuri

Wakuu, naomba mawazo ya wanaolijua jambo hili. Kuna kipoozi cha ganda na mirija kinachopoza mafuta ya haidroliki VG 46 (VG ni daraja la mnato, yaani uzito wa mafuta yanapotiririka). Mafuta yanapita ndani ya mirija, maji yanapita nje yake ndani ya ganda. Vipimo ni hivi: mirija 60 ya shaba, urefu mita 2, kipenyo cha ndani mm 14, cha nje mm 16. Mafuta yanakwenda kwa mirija 30 na kurudi kwa 30.

Mafuta ni lita 220 kwa dakika, yanaingia nyuzi 65 na kutoka 61. Maji ni lita 120 kwa dakika, yanaingia 28 na kutoka 31. Geji za mafuta kabla na baada ya kipoozi zinatofautiana kwa bar 0.15 mashine ikiwa imeshapata moto.

Lengo ni mafuta yanayotoka kwenye tangi yasizidi nyuzi 55, kwa sababu kwenye 65 mafuta yanachakaa haraka na sili zinakakamaa. Maji yalikuwa lita 80, yakapandishwa hadi 120, na mafuta yakashuka kama digrii moja tu. Nafasi ya kipoozi kikubwa zaidi haipo. Yanayofikiriwa ni pampu kubwa zaidi ya maji, kuondoa magamba kwa asidi, au kuchanganya unga wa nano (chembe ndogo mno) kwenye maji. Kipi kianze?

---

Mnato46

Mkuu, kabla ya kugusa kitu, pitia hesabu maana vipimo vyako vinasema mengi.

Kwanza mizania ya joto: linalotoka kwenye mafuta lilingane na linaloingia kwenye maji. Mafuta: lita 220 kwa dakika ni kama kilo 3.1 kwa sekunde, zidisha kwa 2 kJ kwa kilo kwa digrii, zidisha kwa digrii 4, unapata karibu kW 25. Maji: kilo 2 kwa sekunde × 4.18 × 3, pia kW 25. Pande mbili zimekubaliana, kwa hiyo geji na vipimajoto vyako ni vya kuaminika. Zingepishana kwa zaidi ya asilimia 10, ningekwambia urudi kupima kwanza.

Eneo la ndani la mirija ni m² 5.28. Tofauti ya wastani ya joto kati ya mafuta na maji ni digrii 33.5. Gawanya: 25,000 ÷ (5.28 × 33.5) = 141 W/m²K. Huo ndio mgawo wa jumla wa upitishaji joto unaoupata leo.

Sasa swali la maana ni: katika hiyo 141, nani anazuia? Kasi ya mafuta ndani ya mrija ni kama m/s 0.8. Mnato wa VG 46 kwenye nyuzi 60 na ushee uko karibu na mm²/s 20. Namba ya Reynolds (inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa msukosuko) inatoka kama 560, wakati msukosuko hauanzi kabla ya 2,300 hivi. Mafuta yanateleza kwa matabaka: yaliyo katikati ya mrija yanatoka na joto lake bila kugusa ukuta, na yaliyo ukutani yamepoa, yamekuwa mazito na yamejikalia pale kama blanketi. Ukitumia kanuni ya mtiririko tulivu wenye mwingilio wa joto, upande wa mafuta unapata kama 158 W/m²K. Upande wa maji ni kama 3,000.

Geuza ziwe vikwazo. Mafuta 1/158 = 0.0063. Maji 1/3,000 = 0.0003. Kinachobaki hadi kufika 1/141, yaani 0.0071, ni kama 0.0004, na humo mna ukuta wa shaba (karibu sifuri) na magamba. Yaani asilimia 89 ya kikwazo iko ndani ya mrija, kwenye mafuta.

Kwa hiyo ukiongeza maji maradufu hadi lita 240, mgawo unapanda kutoka 141 hadi 143 tu. Faida nyingine inatokana na maji kupata joto dogo zaidi njiani. Jumla mafuta yatashuka digrii moja na kidogo, na pampu itakula umeme mara 7 hadi 8. Umeshaliona hilo ulipotoka 80 kwenda 120.

Unga wa nano usifikirie kabisa. Hata kama ungeboresha maji kwa asilimia 20, unaboresha kitu ambacho si kikwazo, na unajiletea tope kwenye pampu na sili za maji.

Lengo lako likifikiwa, mafuta yatakuwa 55 kuingia na 51 kutoka, na tofauti ya wastani itabaki digrii 23.5. Mgawo unaohitajika ni 25,000 ÷ (5.28 × 23.5) = 201. Unatafuta ongezeko la asilimia 43, na lote litoke upande wa mafuta.

---

Utepe_na_Mrija

Hesabu ya Mnato46 imekaa sawa. Naongezea njia mbili za kushughulikia mafuta bila kubadilisha kipoozi, na zinafaa kulinganishwa kwa bei ya presha, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukosea.

Njia ya kwanza ni kubadilisha vichwa (vifuniko vya ncha za kipoozi vinavyogawa njia za mafuta) ili mafuta yapite mara nne badala ya mbili. Kasi inakuwa m/s 1.6. Lakini katika mtiririko tulivu upitishaji joto unakua kwa mzizi wa tatu wa kasi tu, kwa hiyo kasi maradufu inakupa mara 1.26. Mgawo wa jumla unafika kama 173. Hautoshi, na presha inayopotea kwenye mirija imeshakuwa mara nne (kasi maradufu, njia maradufu).

Njia ya pili ni kuingiza utepe wa bati uliosokotwa ndani ya kila mrija. Utepe unayalazimisha mafuta kuzunguka, ya katikati yanatupwa ukutani na ya ukutani yanavutwa katikati. Kwa mafuta mazito na Reynolds ya mia kadhaa, upitishaji upande wa mafuta unapanda mara 2 hadi 3. Presha inapanda mara 3 hadi 5. Yaani kwa gharama ile ile ya presha unapata zaidi ya maradufu badala ya robo. Chukua mara 2 tu kwa tahadhari: mafuta yanakuwa 316, mgawo wa jumla unafika kama 255. Hiyo 201 umeipita, na una akiba.

Namna ya kuutengeneza. Tumia bati la chuma cha pua la mm 0.5, likatwe kwa upana wa mm 13.3 ili lipite kwenye mrija wa mm 14 bila kukwama. Urefu ukate mita 2.1, ziada ni ya kubana kwenye jiliwa na itakatwa mwisho. Msokoto uwe nusu mzunguko kila mm 56, yaani mara nne ya kipenyo. Kwa mita 2 hiyo ni mizunguko kamili 18. Bana ncha moja kwenye jiliwa, ncha ya pili ishikwe na kitu kinachozunguka huku ukivuta kwa uzito usiobadilika. Ukisokota bila kuvuta, utepe unajikunja kama springi na msokoto unakuwa mkali upande mmoja na kulegea upande mwingine. Bati likirudi nyuma kidogo ukiachia, zidisha mzunguko mmoja au miwili hadi ubaki na 18.

Kingo zote zipigwe msasa. Ncha kali ya bati inachora shaba, na vipande vya chuma vitaishia kwenye valvu za haidroliki, ambazo hazisamehe uchafu.

Jambo ambalo ukilikosea kazi yote imeharibika: mirija yote 60 iwekewe utepe. Ukiacha hata mitano mitupu, mafuta yatakimbilia humo kwa sababu njia ni nyepesi mara 3 hadi 5, yatatoka na moto wake, na wastani wa joto la kutoka utakuwa mbaya ingawa mirija 55 inafanya kazi vizuri. Kwa hiyo andaa tepe 62 au 63, mbili tatu huharibika.

Mwisho wa utepe upande mafuta yanakotokea, acha mm 10 zikunjwe au zizuiwe na waya unaopita mbele ya bamba la mirija (lile lililoshika ncha za mirija), mafuta yasije yakausukuma nje. Chujio la mafuta liwe kabla ya kipoozi, maana utepe unanasa uzi wa matambara na vipande vya sili.

---

Ganda_na_Bafo

Nakubaliana na utepe, ila kuna swali ambalo halijaulizwa: kwa nini mafuta yako ndani ya mirija? Kawaida kwenye vipoozi vya aina hii mafuta huwekwa upande wa ganda, yakikata mirija kwa kukingama kati ya bafo (vibamba ndani ya ganda vinavyoelekeza mtiririko). Kila mrija unaoupita unavunja lile tabaka zito la ukutani. Halafu maji yakiwa ndani ya mirija, magamba unayatoa kwa brashi ya fimbo. Sasa hivi chokaa yako iko nje ya mirija, ndani ya ganda, na brashi haifiki huko.

Kubadilishana pande si kuhamisha mabomba tu. Angalia kwenye bamba la maandishi la kipoozi shinikizo linaloruhusiwa upande wa ganda. Mdomo wa ganda uwe mpana wa kutosha kwa lita 220. Na nafasi kati ya ukingo wa bafo na ganda iwe ndogo, kwa sababu mafuta mazito yanapendelea kupenya ukingoni kuliko kukata kundi la mirija. Ukikuta mwanya mpana, weka vipande vya kuziba pembeni mwa kundi la mirija. Bafo zenyewe zikatwe asilimia 20 hadi 25 ya kipenyo.

Upande wa maji kuna mtego wake: lita 120 katika mirija 30 ni m/s 0.43 tu. Joto litapita vya kutosha, lakini tope litatuama. Kwa kasi hiyo ni afadhali maji yapite mara nne, ufike karibu m/s 0.9.

Kama vichwa haviwezi kubadilishwa, rudi kwenye utepe.

---

Bar_Sifuri

Wakuu, nimeelewa, na vichwa ni vya kumiminwa, haviwezi kuongezwa ukuta wa katikati. Kwa hiyo ni utepe. Maswali mawili: magamba niyaache? Na asubuhi mafuta yakiwa nyuzi 20, hiyo presha ya mara 3 hadi 5 haitapasua kitu?

---

Mnato46

Magamba usiyaache, ila elewa kwa nini. Chokaa ya mm 0.5 ina kikwazo cha kama 0.00025. Leo hiyo ni asilimia 3.5 ya jumla, kuisafisha kungekupa digrii moja. Utepe ukishaingia, jumla inashuka hadi 0.0039, na chokaa ile ile inakuwa zaidi ya asilimia 6. Kadiri unavyoboresha mafuta ndivyo upande wa maji unavyoanza kuhesabika. Kipoozi kitakuwa wazi kwa ajili ya utepe, basi zungusha asidi ya sitriki asilimia 5 ndani ya ganda wakati huo huo, ikiwa vuguvugu, hadi mapovu yakome. Kisha isuuze, na pima mirija kwa presha kabla ya kurudisha mafuta. Wakati mwingine chokaa ndiyo iliyokuwa imeziba tundu.

Tazama pia gasketi ya ukuta unaogawa njia mbili kichwani. Ikivuja, mafuta yanaruka kutoka kuingia hadi kutoka bila kupita mirijani, na utepe utalifanya tatizo hilo kuwa kubwa zaidi kwa sababu sasa mirija inakataa zaidi.

---

Utepe_na_Mrija

Kuhusu asubuhi, wasiwasi wako una msingi. Leo mirija yenyewe inapoteza kama bar 0.09, iliyobaki kwenye 0.15 ni vichwa na midomo. Kwa utepe mirija itakula bar 0.3 hadi 0.45 mafuta yakiwa ya moto. Kwenye nyuzi 55 yatakuwa mazito zaidi kidogo kuliko kwenye 65, kwa hiyo tarajia hadi 0.6. Lakini VG 46 kwenye nyuzi 20 ina mnato unaozidi mara 6 ule wa nyuzi 60, na hapo unazungumzia bar 2 au 3.

Weka valvu ya kupitisha pembeni sambamba na kipoozi, yenye springi, ifunguke chini ya shinikizo linaloruhusiwa kwenye bamba la kipoozi na chini ya linaloruhusiwa kwenye chujio la mstari wa kurudi. Iwe na uwezo wa lita 220 zote, si nusu yake. Mafuta yakiwa baridi hayahitaji kupozwa, yapite pembeni hadi mashine ipate moto.

Baada ya kufunga, kila wiki andika joto nne na tofauti ya presha. Presha ikipanda mafuta yakiwa kwenye joto lile lile, utepe umenasa uchafu. Joto la mafuta likipanda presha ikiwa haijabadilika, angalia upande wa maji. Na vyote viwili, presha na upoaji, vikishuka pamoja, valvu ya pembeni imekwama wazi.