Naomba ushauri: kupuliza rangi plastiki za gari nyumbani

Wakuu habari zenu. Nipo Moshi, nataka kupuliza mwenyewe rangi ya kopo kwenye plastiki za nje za IST yangu.

Vifuniko vya vioo vya pembeni vimeandikwa ABS (aina ya plastiki inayoshika rangi) kwa ndani, hivyo havinitishi: sabuni, msasa wa maji namba 400 kisha 600, praima, rangi, klia (vanishi ya juu isiyo na rangi). Ila kufuta na thina naogopa, inalainisha ABS. Spiriti inatosha kutoa mafuta?

Kinachoniumiza kichwa ni kipande cha chini ya bampa, kimeandikwa PP (polipropilini). Plastiki hiyo haishiki rangi, hubanduka kama ganda la kitunguu isipotanguliziwa dawa ya kushikisha. Fundi mmoja kanishauri nipitishe moto wa gesi juu juu kwanza. Viwandani wanafanya hivyo kweli, lakini kwa mkono wangu si kitajikunja?

Mwenye kujua duka la hapa au Arusha linalouza dawa hiyo kwa kopo dogo anielekeze. Na hii baridi ya Julai, mnasubiri jua la mchana au mnapuliza tu? Uani kwangu vumbi halina adabu, nafikiria kuhamia stoo.