Naomba ushauri: Nampeleka mwanangu kwenye mechi ya ligi za chini London, tusimame na wenyeji au na wageni?

Mleta uzi:
Heshima kwenu wakuu.

Naishi Peckham, kusini mwa London, na mwanangu wa miaka tisa. Mpira umemwingia damuni, lakini tiketi za Ligi Kuu huku ni mtihani, na bei zake zinauma. Jirani yetu kuna Dulwich Hamlet, wako ligi ya Isthmian tangu waliposhuka 2023, yaani ngazi ya saba ukihesabu kutoka juu. Sasa kazini nina mwenzangu Mwingereza ambaye timu yake inakuja kucheza Dulwich Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri. Ameniomba tufuatane naye tukasimame na wageni. Mtoto naye keshajichagulia Dulwich, kisa jezi ya pinki na bluu.

Sisi tumekulia kwenye Simba na Yanga. Kwa Mkapa kila mtu anajua jukwaa lake, na ukipotea njia na jezi isiyo yako utaisikia. Sitaki kumtia mtoto kwenye vurugu, na sitaki kumvunja moyo huyu mwenzangu aliyenialika kwa nia njema. Waliozoea viwanja hivi nisaidieni: kuna kutenganishwa kwa mashabiki? Mtoto anaingia kwa utaratibu gani? Sisi ni Waislamu, chakula na sala vinakuwaje? Na kwa baridi hii ya Desemba tujiandae vipi?

Nawasilisha.

Mkazi wa Lewisham:
Mkuu, ondoa hofu. Kwenye ngazi hiyo mechi nyingi hazina kutenganisha mashabiki kabisa. Mnaingia geti moja, mnatembea mnavyotaka kuzunguka uwanja, wa timu hii na wa timu ile. Utaratibu wao ni kwamba mashabiki wanaoimba husimama nyuma ya goli ambalo timu yao inalishambulia. Kwa hiyo mapumziko yakifika wanahama! Wenyeji wanatoka goli hili kwenda lile, wageni wanatoka kule kuja huku, wanapishana pembeni ya uwanja wakiwa na vikombe mkononi, huyu anamtania yule kuhusu penalti iliyokataliwa, halafu kila mtu anaendelea na safari yake. Mara ya kwanza kuliona hilo nilisimama kulitazama kuliko nilivyotazama mpira wenyewe. Mtu aliyekulia kwenye dabi ya Kariakoo haamini.

Kwa hiyo swali lako lina jibu jepesi: kipindi cha kwanza simameni na mwenzako, cha pili mpeleke mtoto kwa Dulwich. Hakuna atakayekuuliza.

Kufika ni rahisi. Shuka stesheni ya East Dulwich, uwanja unaitwa Champion Hill, uko nyuma ya supamaketi ya Sainsbury's, hatua chache tu. Njia ya kuingilia inaitwa Edgar Kail Way. Mwambie mtoto huyo Kail alikuwa nani: mshambuliaji wa Dulwich, mchezaji wa ridhaa asiyelipwa, na bado 1929 aliitwa timu ya taifa ya Uingereza akacheza mechi tatu. Hakuihama Dulwich kwenda kuchukua pesa kwingine.

Nunua tiketi mtandaoni mapema, maana Dulwich inajaza watu kuliko timu nyingi za ngazi yake. Watoto viwanja hivi hulipa kidogo sana au huingia bure, tazama ukurasa wa klabu.

Mpemba wa Ilford:
Assalaam alaykum ndugu yangu. Hayo ya sala niachie mimi.

Katikati ya Desemba alasiri inaingia mapema, kabla ya saa nane mchana, kwa hiyo salini nyumbani ndipo mtoke. Magharibi ndiyo ya kuangalia. Jua la London siku hizo linazama kabla ya saa kumi kamili jioni, kiasi cha saa tisa na dakika 50 na kitu. Mpira ukianza saa tisa, mapumziko yanaangukia hapohapo. Beba mkeka mdogo, ingia tayari na udhu, tafuta kona nyuma ya jukwaa mbali na msongamano. Ukimwomba mmoja wa wale wazee wa kujitolea wanaovaa vizibao vya rangi kali, atakuonyesha pahala. Mimi nimeonyeshwa hadi chumba cha kuwekea mipira, na mzee wa watu akasimama mlangoni ili nisibughudhiwe.

Chakula: baga, soseji, pai na chipsi. Usitegemee halali, na chipsi uliza kwanza mafuta yamekaangiwa nini. Bora mfungashie mtoto sambusa zake kutoka nyumbani, na chai mnunue palepale.

Mawili zaidi ya kukutayarisha. Kuanzia ngazi ya sita kushuka chini sheria haizuii watu kunywa bia huku wanatazama mechi, kwa hiyo mtasimama jirani na wenye glasi mkononi. Tena watu huja na mbwa wao, hasa Dulwich. Kama mtoto anaogopa mbwa, au unachunga udhu wako, simameni upande wa pembeni badala ya nyuma ya goli. Matusi nayo yapo, nyuma ya goli ndiko yalikozidi.

Kijana wa Kirumba:
Wakuu nipo Mwanza, nauliza tu. Hiyo si ndio ndondo yetu ya mtaani? Ngazi ya saba watu wanalipa kiingilio kweli?

Mkazi wa Lewisham:
Wanalipa mkuu, na ndicho kinachoiweka klabu hai. Ukaribu ni wa ndondo, unasikia kocha anavyofoka na beki anavyojibu. Ila ligi hizi zimeunganishwa zote hadi juu. Ukishinda unapanda, na hakuna mlango uliofungwa. Klabu ya Wrexham ilikuwa nje ya ngazi nne za juu tangu 2008 hadi ilipopanda 2023. Kwenye Kombe la FA klabu hizi zinaanza hatua za awali tangu Agosti. Januari 2021 Marine ya ngazi ya nane iliwakaribisha Tottenham kwenye uwanja wake wa Crosby wenye nyumba za watu ukutani. Ilifungwa 5-0, lakini Tottenham walikwenda.

Na Dulwich wenyewe, 2018 walifungiwa nje ya uwanja wao na wamiliki wa ardhi. Waliowapa pa kuchezea ni Tooting & Mitcham, mahasimu wao wa jadi. Wakarudi Champion Hill Desemba mwaka huohuo. Mimi hilo ndilo lililonifanya niwapende watu wa viwanja hivi.

Mwana wa Kongowea, Nottingham:
Mimi ni wa upande wa pili, huwa nasafiri na timu ya huku kwetu kama mgeni, na ningependa mleta uzi asiache mwaliko wa huyo mwenzake upite hivihivi. Kuwa mgeni kwenye ligi hizi kuna utamu wake. Mnakuwa watu wachache, pengine basi moja la mashabiki, na kiti wanakuuzia hata kama ni siku yako ya kwanza. Ukifika unaingia baa ya klabu ya wenyeji, wanakukaribisha, mnauliziana habari za timu. Filimbi ya mwisho ikilia wachezaji wanakuja ukutani kuwapa mikono mashabiki wao mmoja mmoja. Mtoto akishikwa mkono na golikipa hasahau.

Heshima zake ni hizi. Nunua jarida lao la mechi, nunua tiketi ya bahati nasibu ukipitishiwa, maana pesa hiyo huenda kwenye nyasi na taa. Usigombane na mtu wa mlangoni, yule analipwa shukrani tu. Na kabla hujapanda treni, asubuhi angalia ukurasa wa klabu: mvua ikijaa uwanjani au barafu ikishika nyasi, refa anakagua na kuahirisha. Watu wamesafiri mwendo wa saa tatu wakakuta geti limefungwa.

Ila ukipanda ngazi ya tano mambo yanabadilika. Huko mechi kubwa zina jukwaa la wageni, na bia haifiki penye kuona uwanja. Kwa hiyo usichukue uzoefu wa Dulwich ukaupeleka kila pahala.

Mpemba wa Ilford:
Ngazi ya tano ndiko alikokuwa kijana wetu Tarryn Allarakhia. Alikuwa klabu ya Wealdstone, Ruislip, alipoitwa Taifa Stars kwa AFCON iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. Mwambie na hilo mtoto, ajue kutoka viwanja hivi mtu anafika mashindano ya Afrika.

Mleta uzi:
Mungu awabariki wakuu. Nimemsomea mwanangu yote, la Kail na la Allarakhia amelirudia kwa mama yake. Mwenzangu nimemwambia kipindi cha kwanza tuko naye, cha pili mtoto anahamia kwa wenyeji, akacheka akasema na yeye hufanya hivyo kwa wajukuu zake. Kimebaki kimoja: baridi. Na je, avae jezi yake ya Yanga?

Mwana wa Kongowea, Nottingham:
Avae, atapata marafiki, watamuuliza ni timu gani. Lakini ndani ya koti. Saruji ya jukwaa inapandisha baridi miguuni, kwa hiyo buti zenye soli nene, soksi pea mbili, na kipande cha boksi cha kukanyagia. Glovu mbili mbili, moja italowa. Fikeni saa nane na nusu, achague mwenyewe pa kusimama pale kwenye uzio wa mbele, kabla wakubwa hawajamziba.