Kuingiza draiva ndani ya ISO ya Windows: kwa nini diski bado haionekani wakati wa kusakinisha?

Maalim wa Maabara (Chake Chake)

Assalaamu alaykum. Naomba msaada wa waliozoea kusakinisha Windows kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja. Skuli yetu imepokea kompyuta mpakato za aina moja, zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11. Maabara bado ina pia kompyuta za mezani za zamani zenye visoma DVD, ambazo hazitimizi masharti ya Windows 11. Hizo nimeamua zibaki na Windows 10 kwa mazoezi ya ndani tu, kwa kuwa huduma yake ya kawaida kutoka Microsoft ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Nia yangu ni kutengeneza ISO (faili moja lenye diski nzima ya kusakinishia Windows) yenye draiva zote ndani yake, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya mashine, ili nisilazimike kuunganisha kila mashine kwenye intaneti ya bando na kuisubiri ijishushie draiva zake yenyewe. Nimeifungua install.wim ya Windows 11 (faili lenye Windows itakayosakinishwa) kwa Dism, programu ya amri ya Microsoft ya kurekebisha mafaili kama hayo, nikaingiza draiva za diski, za Wi-Fi na za skrini, kisha nikaifunga, na amri zote zilimaliza bila kosa lolote. Hata hivyo, ninapoiwasha laptopu kwa flashi na kufika mahali pa kuchagua diski, orodha huwa tupu na naambiwa nitafute draiva. Diski yenyewe ni nzima, kwani Windows iliyokuja nayo inafanya kazi vizuri.

Nauliza mambo mawili. Kwanza, draiva niliyokwisha kuiingiza inatafutwa tena kwa nini? Pili, je, naweza kutengeneza DVD moja itakayotumika kwa laptopu na kwa zile za mezani pia?

Fundi wa Mlandege (Unguja)

Wa alaykumu ssalaam, Maalim. Ulichokifanya ni sahihi, ila kinahusu nusu moja tu ya ile ISO. Ndani ya folda ya sources mna Windows mbili zisizojuana. Ya kwanza ni boot.wim, ile ndogo inayowaka kutoka kwenye flashi na kukuonyesha skrini ya lugha na ya kuchagua diski. Ya pili ni install.wim, Windows kamili itakayonakiliwa baadaye. Ile ndogo haichunguzi kabisa draiva zilizomo ndani ya ile kubwa, kwa hiyo wakati wa kuchagua diski draiva uliyoiingiza ni kama haipo.

Chanzo chenyewe ni VMD, kidhibiti cha diski cha Intel. Tangu kizazi cha 11, laptopu nyingi za Intel hutoka kiwandani zikiwa na kidhibiti hicho kimewashwa, nacho hukaa mbele ya diski ya NVMe (aina ya SSD ya kasi). Windows inayo draiva yake ya kawaida ya NVMe, lakini bila draiva ya kidhibiti kilichotangulia haiwezi kuifikia diski iliyo nyuma yake. Unachohitaji ni draiva ya Intel RST (Rapid Storage Technology), na faili linalotakiwa ndani yake ni iaStorVD.inf pamoja na wenzake wa .sys na .cat. Ukiishusha kama faili la .exe, Dism haitaweza kuitumia hivyo hivyo, bali itakubidi uifumue kwanza:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\draiva\diski

Kabla ya kuendelea, fungua faili la .inf kwa Notepad na utafute maandishi DEV_9A0B, ambayo ndiyo kitambulisho cha VMD katika laptopu za kizazi cha 11. Usipoyaona, toleo hilo la draiva si la mashine zako, hata likiwa ndilo jipya kuliko yote. Watu wengi hukwama hapa, kwa sababu wanadhani toleo jipya lazima liwe na vyote vya zamani.

Baada ya hapo, fungua sehemu ya 2 ya boot.wim, ambayo ndiyo Setup yenyewe. Sehemu ya 1 ni Windows PE (Windows ndogo ya maandalizi) ya kawaida na kwa kazi yako unaweza kuiacha.

Dism /Mount-Image /ImageFile:C:\win11\sources\boot.wim /Index:2 /MountDir:C:\wazi

Dism /Image:C:\wazi /Add-Driver /Driver:C:\draiva\diski /Recurse

Dism /Unmount-Image /MountDir:C:\wazi /Commit

Fanya hayo katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Ikiwa mafaili uliyanakili kutoka kwenye DVD, ondoa kwanza alama ya kusomwa tu kwa amri ya attrib -r, la sivyo utaambiwa huna ruhusa. Katika boot.wim weka draiva ya diski peke yake. Draiva ya skrini ina ukubwa wa mamia ya megabaiti na haina faida yoyote humo, kwani itachelewesha kuwaka tu. Ya Wi-Fi mahali pake ni install.wim, maana hatua ya kuunganisha mtandao huja baada ya Windows kamili kunakiliwa na kuanza kuwaka.

Ukitaka kuhakikisha kwamba draiva uliyonayo ndiyo yenyewe kabla ya kujisumbua na ISO, iweke kwenye flashi, fika kwenye skrini ile ya usakinishaji, bonyeza Shift+F10, kisha andika drvload ikifuatiwa na njia ya faili la .inf. Baada ya hapo ingia diskpart na uandike list disk. Diski ikijitokeza, una draiva sahihi mkononi.

Bi Takwimu (Wete)

Fundi ameeleza vizuri, nami naongeza njia nyepesi kwa asiyetaka kuifungua boot.wim. Tengeneza folda kwenye mzizi wa flashi na uipe jina $WinPEDriver$, kisha weka ndani yake draiva ya diski iliyokwisha kufumuliwa. Setup huitafuta folda yenye jina hilo inapoanza, huzipakia draiva inazozikuta, na huziweka pia katika Windows inayosakinishwa. Kwa mtu mwenye laptopu chache naona hii inatosha kabisa, na siku draiva ikibadilika unabadilisha folda tu.

Kuhusu DVD moja kwa mashine zote, Maalim, mimi nisingejaribu. Laptopu zako kwa vyovyote hazina kisoma DVD, na Windows 11 na Windows 10 kwa pamoja hazienei kwenye DVD ya kawaida ya gigabaiti 4.7. Hata ISO ya Windows 10 peke yake siku hizi inazidi kipimo hicho. Tengeneza flashi kwa laptopu na DVD kwa zile za mezani.

Ili Windows 10 ienee, ingiza kwanza draiva za kadi za mtandao kwenye install.wim, kisha utoe toleo moja tu unalolitumia na ulibane upya. Angalia namba ya toleo lako kwa Dism /Get-ImageInfo /ImageFile:install.wim, halafu, ikiwa namba hiyo ni 6:

Dism /Export-Image /SourceImageFile:install.wim /SourceIndex:6 /DestinationImageFile:install.esd /Compress:recovery

Ifute install.wim kutoka kwenye folda ya sources na uache install.esd mahali pake. Mpangilio huo usiupindue, kwa sababu faili la .esd haliwezi kufunguliwa na kuingizwa draiva. Ndiyo maana walioshusha Windows kwa chombo cha Microsoft cha kutengeneza flashi, ambacho hutoa install.esd, hulazimika kwanza kuirudisha kuwa .wim kwa amri hiyo hiyo ya Export-Image, ila mwisho wake ukiwa /Compress:max.

ISO ya kuchoma kwenye DVD hutengenezwa kwa oscdimg, inayopatikana katika Windows ADK, kifurushi cha zana za usakinishaji cha Microsoft:

oscdimg -m -o -u2 -udfver102 -bootdata:2#p0,e,bC:\win10\boot\etfsboot.com#pEF,e,bC:\win10\efi\microsoft\boot\efisys.bin C:\win10 C:\win10.iso

Amri hiyo huifanya DVD iwake kwenye mashine za BIOS ya zamani (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) na za UEFI, mrithi wake, pia. Kwa upande wa flashi, ukiitengeneza kwa FAT32 kumbuka kwamba haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na install.wim yenye draiva huvuka hapo kwa urahisi. Igawe hivi, nayo Setup itavisoma vipande yenyewe:

Dism /Split-Image /ImageFile:install.wim /SWMFile:install.swm /FileSize:3800

Maalim wa Maabara (Chake Chake)

Ahsanteni sana. Fundi, kitambulisho cha DEV_9A0B hakimo katika draiva niliyokuwa nayo, ingawa jina la Intel RST lipo juu yake. Nimepata toleo jengine kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu, na humo kimo.

Kabla sijaendelea naomba rai yenu kuhusu jambo moja. Mwenzangu ananiambia kwamba kazi yote hii haina haja, kwa sababu naweza kuingia BIOS na kuizima VMD, na diski itaonekana bila draiva yoyote. Je, lina ubaya gani?

Msimamizi wa Mitandao (Mbweni)

Maalim, mwenzako anasema kweli, kwani VMD ikizimwa Windows huiona diski kwa draiva yake ya kawaida, na laptopu yenye diski moja ya NVMe haipotezi kitu cha maana. Lakini lazima uizime kabla ya kusakinisha. Ukiizima kwenye mashine ambayo Windows yake ilisakinishwa VMD ikiwa imewashwa, huenda isiwake tena, ikaishia kwenye skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Zipo pia laptopu ambazo BIOS yake haionyeshi kabisa mahali pa kuizima. Tena kwa maabara ya skuli kuna tatizo la baadaye: siku BIOS ya mashine moja itakaporudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, VMD itawaka tena, na atakayeitiwa shida hiyo huenda asijue ilizimwa na nani wala kwa nini. Kwa wingi wa mashine ulizonazo, mimi ningeiacha VMD kama ilivyo na kuingiza draiva.

Lipo jambo ambalo wengi hulisahau. Ndani ya install.wim mna Windows ya tatu, ile ya uokoaji, katika Windows\System32\Recovery\winre.wim. Isipopata draiva ya diski, mashine itasakinishwa na kufanya kazi vizuri, lakini siku utakayotaka kuirekebisha au kuirudisha upya kupitia uokoaji, huenda diski isionekane tena. Kwa hiyo, wakati install.wim imefunguliwa kwenye C:\wazi, fungua winre.wim sehemu ya 1 kwenye folda nyengine, kwa mfano C:\wazi2, ingiza draiva ile ile, uifunge kwa /Commit, ndipo uifunge install.wim. Faili la winre.wim limefichwa, kwa hiyo usishangae usipoliona mara moja.

Kwa draiva nyengine usihangaike kuzitafuta moja moja. Chukua laptopu moja ambayo Windows ya kiwandani bado imo na kila kitu kinafanya kazi, kisha uzitoe zote kwa pamoja:

Dism /Online /Export-Driver /Destination:D:\draiva

Utapata draiva zote zisizo za Windows yenyewe, zikiwa zimekwisha kufumuliwa na zina saini ya kidijitali. Folda hiyo iingize kwenye install.wim tu. Tafadhali usitumie /ForceUnsigned kwa kulazimisha draiva ya kuokota mitandaoni isiyo na saini, kwa sababu Windows ya biti 64 itaikataa kuipakia hata ukifaulu kuiingiza.

Mwisho, ifanye kazi hii kwenye laptopu yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya /Commit, folda ya C:\wazi hubaki imeshikiliwa, na itabidi uisafishe kwa Dism /Cleanup-Mountpoints na kuanza upya na nakala safi ya faili. Nakala hiyo iweke pembeni tangu mwanzo, kwani kuishusha tena ISO nzima kwa bando ni gharama.

Maalim wa Maabara (Chake Chake)

Nimefuata njia ya boot.wim na winre.wim kwa pamoja. Diski sasa inaonekana bila kuulizwa draiva, na Wi-Fi inapatikana tangu skrini ya kwanza baada ya usakinishaji. DVD ya Windows 10 nayo imeenea baada ya kubakiza toleo moja.

Kwa atakayefuata hatua hizi, padi ya kugusa ilikuwa haifanyi kazi wakati wa Setup, ingawa ndani ya Windows iliyosakinishwa inafanya kazi. Sikuona haja ya kuongeza draiva yake kwenye boot.wim, kwani kipanya cha waya kinatosha kwa hatua hizo chache.